AI dukani: ipe kazi unayoweza kuikagua

Duka la vifaa vya ujenzi Arua, mgahawa Busia, fundi cherehani Kisenyi: wote wanaweza kupata faida kwa programu za AI (akili bandia) kama ChatGPT, Gemini, Claude, au Meta AI iliyo ndani ya WhatsApp, ambayo Uganda iliipata Aprili 2024 pamoja na nchi nyingine chache za Afrika. Swali ni kazi ipi ya kuipa, na kipimo changu ni kimoja. Je, kulikagua jibu ni rahisi kuliko kuifanya kazi yenyewe? Kama ndiyo, ipe. Kama kulikagua kunataka ujuzi ambao huna, usiipe, kwa sababu ikikosea hutajua.

Barua ya Kiingereza ya kuomba bei kwa msambazaji inapita kipimo hicho. Kuiandika kunaweza kukumalizia asubuhi nzima, lakini kuisoma na kuona kama ina bidhaa, idadi na tarehe sahihi ni dakika mbili. Swali la "mwaka huu nitalipa kodi kiasi gani?" halipiti. Jibu litakuja limepangwa vizuri, lina asilimia na mifano, na huna namna ya kujua kama sheria iliyotumika ni ya Uganda au ya kwingine.

Sababu iko katika jinsi programu hizi zinavyofanya kazi. Hujenga sentensi kwa kukadiria neno linalofaa kufuata, zikitegemea maandishi mengi mno zilizofunzwa nayo. Palipo na pengo katika maelezo yako, hulijaza kwa kitu kinachofanana na ukweli. Na sauti yake haibadiliki: ikijua na isipojua inazungumza kwa uhakika uleule. Baadhi yake sasa hutafuta kwenye intaneti kabla ya kujibu, jambo linalosaidia, lakini bei ya simenti ya Arua wiki hii haiko kwenye tovuti yoyote. Iko kichwani mwako na kwenye daftari lako. Kwa hiyo nusu ya kazi ni kuziba mapengo kabla ya kuuliza.

Ukurasa wa duka

Andika ukurasa mmoja kuhusu biashara yako na uuhifadhi kwenye simu, katika Google Keep au katika ujumbe unaojitumia mwenyewe WhatsApp. Kila unapoanza mazungumzo mapya na AI, nakili, bandika, kisha uliza. Mfano wa duka la vifaa vya ujenzi:

"Duka la vifaa vya ujenzi, Arua mjini. Tunafungua 07:00 hadi 18:00, Jumapili hadi 13:00, saa za Uganda. Simenti mfuko wa kilo 50, daraja 32.5 na 42.5. Mabati geji 28, 30 na 32. Nondo za milimita 10, 12 na 16. Malipo: taslimu, MTN MoMo, Airtel Money. Hatupokei kadi. Mkopo ni kwa mteja wa zaidi ya miezi sita, na haupiti wiki mbili. Kupeleka mzigo ndani ya mji kuna malipo kulingana na umbali. Wateja wanazungumza Kilugbara, Kiswahili na Kiingereza. Wengine wanatoka Kongo. Bei ni zile nitakazokupa tu. Bei usiyopewa, andika BEI HAIPO. Usiahidi punguzo, usiahidi kupeleka mzigo bure."

Angalia saa zilivyoandikwa. Ukiandika "saa 1 asubuhi", kuna siku AI itaelewa saa moja ya Kiswahili, na kuna siku itaandika kwenye tangazo la Kiingereza kwamba unafungua 1 a.m., yaani saa saba za usiku. Mtindo wa saa 24 unaondoa utata huo. Maneno "saa za Uganda" nayo hayakuwekwa kama pambo: mteja wa Ariwara, ng'ambo ya mpaka, saa yake iko nyuma ya yako kwa saa moja nzima.

Sentensi ya thamani kuliko zote hapo ni ile ya BEI HAIPO. Bila ruhusa ya kuacha pengo, AI italijaza. Itaandika bei ya nondo ya milimita 12 inayokaribia kweli, na hilo ndilo baya, kwa sababu bei ya ajabu kabisa ungeiona mara moja. Ukiona BEI HAIPO imeandikwa kwa herufi kubwa, huwezi kuituma bila kushtuka.

Kila bei unayobandika iwe na tarehe. Simenti hupanda na kushuka, na mazungumzo ya wiki tatu zilizopita bado yamebeba bei ya wiki tatu zilizopita. Ndiyo maana ni afadhali kuanza mazungumzo mapya kwa kila kazi. Mazungumzo marefu yana tatizo jingine pia: yakizidi kiasi, maelekezo ya mwanzoni hufifia, na utashangaa AI imeanza tena kuahidi punguzo ulilolikataza.

Daftari la mkono kuwa jedwali

Hapa ndipo duka dogo linapopata faida kubwa kuliko popote, na wengi hawapajui. Piga picha ya ukurasa wa daftari la mauzo au la madeni, ipe AI, iombe jedwali. Kazi ya jioni nzima inakuwa ya nusu saa, ukihesabu na muda wa kukagua.

Picha ndiyo inayoamua. Piga mchana, karibu na mlango au dirisha, simu ikiwa juu ya ukurasa moja kwa moja na kivuli chako kikiwa nje. Ukurasa mmoja kwa picha moja. Ukiweka kurasa mbili zilizofunguliwa pamoja, mistari ya kushoto huungana na ya kulia na bidhaa hupata bei ya jirani yake. Kama daftari lina majina na namba za simu za wateja, zifunike kwa kipande cha karatasi. Nitaeleza sababu mbele kidogo.

Kisha elekeza hivi: "Soma ukurasa huu na uutengenezee jedwali lenye safu: tarehe, bidhaa, idadi, bei ya kimoja, jumla. Andika kama ilivyo, usirekebishe. Usipoweza kusoma herufi au tarakimu, weka alama ya kuuliza, usikisie. Tarehe ni siku kwanza kisha mwezi. Alama ya /= ni mwisho wa shilingi, si tarakimu. Alama mbili za kurudia maana yake ni kama mstari wa juu. Usijumlishe chochote."

Kila sentensi hapo inazuia kosa linalotokea kweli. Tarehe 3/4 inaweza kusomwa kimarekani, ikawa Machi 4 badala ya Aprili 3. Mkwaju wa "5,000/=" unaweza kugeuka 1, na elfu tano ikawa 50,001. Alama za kurudia ("), ambazo wauza duka wetu huzitumia sana, zikiachwa bila maelezo hugeuka kuwa 11. Tarakimu zinazochanganywa zaidi ni 1 na 7, 0 na 6, 3 na 8. Kama mwandishi wa daftari huandika "5k" kwa elfu tano, sema hivyo pia.

Kukagua hakuhitaji kusoma kila mstari mara mbili. Kwanza hesabu mistari: daftari lina mistari 24, jedwali liwe na 24. AI huruka mstari, hasa uliokatwa kwa kalamu au ulioandikwa pembeni. Pili, kila mstari wenye idadi na bei, wacha jedwali lenyewe lizidishe na lilinganishe na jumla iliyoandikwa kwa mkono. Palipo na tofauti, ama AI imesoma vibaya ama mwandishi alikosea siku ile. Yote mawili unataka kuyajua.

Mbona nimeandika "usijumlishe chochote"? Kwa sababu kujumlisha ni kazi ya programu za majedwali kama Google Sheets au Excel. AI inaweza kujumlisha namba tano bila tatizo, lakini safu ya namba 60 inaweza kutoka na jumla iliyokosea kwa elfu mbili tu, na jicho halitaliona hilo. Bandika jedwali kwenye Sheets, kisha iombe AI ikuandikie fomula. Kama bidhaa ziko safu ya B na jumla safu ya E, mauzo yote ya simenti ni =SUMIF(B2:B200,"simenti",E2:E200). Fomula ikikataa na kuonyesha kosa, badilisha koma ziwe nukta-mkato. Inategemea simu au kompyuta imepangiwa nchi gani. Na uhakikishe neno limeandikwa sawa kila mahali. "Simenti", "sementi" na "cement" kwa Sheets ni bidhaa tatu.

Hesabu tatu zinazokula pesa

Ya kwanza ni faida. Ukiiambia AI "nimenunua kwa 32,000, nataka faida ya asilimia 20", kuna majibu mawili na yote ni sahihi. Asilimia 20 juu ya bei ya kununulia ni 38,400. Asilimia 20 ya bei ya kuuzia ni 40,000, yaani 32,000 gawanya kwa 0.8. Tofauti ni 1,600 kwa kila kimoja. AI huchagua moja bila kukuuliza, na kesho kwa swali lilelile inaweza kuchagua nyingine. Sema wazi: "ongeza asilimia 20 juu ya bei niliyonunulia", au "katika kila bei ya kuuza, asilimia 20 iwe faida".

Ya pili ni VAT (kodi ya ongezeko la thamani), kwa aliyesajiliwa. Bei ya 118,000 ambayo tayari ina VAT ya asilimia 18, ndani yake VAT ni 18,000, kwa sababu unazidisha kwa 18 na kugawanya kwa 118. Ukiuliza kwa haraka, unaweza kupewa asilimia 18 ya 118,000, ambayo ni 21,240. Hapo umejitoza 3,240 zisizodaiwa na mtu. Jaribu AI unayoitumia kwa mfano huu mmoja ambao jibu lake unalijua. Ikishindwa, usiipe hesabu ya kodi hata ndogo.

Ya tatu ni makadirio ya vifaa, ambayo wateja huomba kaunta. Mtu anataka kumwaga zege la sakafu ya mita 5 kwa 4, unene sentimita 10, mchanganyiko wa 1:2:4. Ujazo ni mita za ujazo 2. Vitu vikavu huzidi ujazo wa zege lililoshindiliwa, kwa hiyo huzidishwa kwa 1.54, inakuwa 3.08. Gawanya kwa 7, yaani 1+2+4, simenti ni mita za ujazo 0.44. Mita moja ya ujazo ya simenti ni kama kilo 1,440, kwa hiyo unahitaji kilo 634 hivi, mifuko 12.7. Agiza 13, au 14 ukiweka cha kumwagika.

AI inaifanya hesabu hii vizuri, mradi iionyeshe hatua kwa hatua. Iambie hivyo: "onyesha kila hatua". Ukiona mifuko 8 au 9, ujue imesahau kuzidisha kwa 1.54. Ukiona jibu dogo ajabu, angalia vipimo: mafundi wetu huchanganya futi na mita katika sentensi moja, na "tano kwa nne" bila kutaja kipimo huenda ikasomwa futi. Tena hii ni makadirio ya kuuzia sakafu ya kawaida. Slabu ya ghorofa, nguzo na mihimili ni kazi ya mhandisi, na duka halina biashara ya kukisia unene wa nondo kwa msaada wa simu.

Kitu kingine cha kuijaribu nacho: iulize kati ya bati la geji 28 na la geji 32 lipi ni nene. Ni la 28. Namba ikipanda bati hupungua unene. Ikiligeuza hilo kwenye maelezo ya mteja, umemuuzia mtu bati jembamba kwa sifa za nene.

Kuandikia wateja bila kusikika kama benki

Kiswahili cha AI kimenyooka, na mara nyingi kimenyooka kupita kiasi. Iombe iandike ukumbusho wa deni, utapata "Mpendwa mteja wetu wa thamani, tunapenda kukukumbusha kwa heshima kwamba salio lako halijalipwa". Mteja wa Arua au Busia akipokea hilo atadhani ni tapeli, au kwamba umempeleka kwa wakili.

Dawa ni kuipa AI mifano. Chukua jumbe zako mwenyewe tatu au nne ulizowahi kutuma zikaleta pesa, bandika, useme: "Andika kama mtu huyu. Urefu usizidi huo. Usiongeze maneno ya sifa." Matokeo yanakaribia kitu kama hiki: "Mzee, habari za nyumbani? Ile hesabu ya simenti ya tarehe 3 imebaki 140,000. Ijumaa utaweza kuleta hata nusu?" Umri na heshima AI haiwezi kuvijua, uitajie: huyu ni mzee, huyu ni Mama Aisha, huyu ni kijana wa rika langu. Kama hutaki jina lake liingie humo, andika MTEJA na ubadilishe mwenyewe wakati wa kutuma.

Lililo bora kuliko kuomba ujumbe kila siku ni kuiomba AI kitu kitakachodumu. WhatsApp Business, ambayo ni bure, ina majibu ya haraka: hadi 50, kila moja na neno lake fupi, unaandika mkwaju (/) na neno hilo, ujumbe mzima unatokea. Kwa hiyo kaa na AI mara moja. Toa mazungumzo ya wateja wachache bila picha (kwenye Android: ndani ya mazungumzo, nukta tatu, kisha sehemu ya kuhamisha mazungumzo, Export chat), futa majina na namba, bandika, useme: "Panga maswali haya kwa makundi. Taja yanayojirudia zaidi, kisha andika jibu la kila moja kwa sentensi mbili, ukitumia ukurasa wa duka tu." Utakuta maswali kumi au kumi na tano yanabeba sehemu kubwa ya mazungumzo yote: mnafungua saa ngapi, mko wapi, mnapeleka, mnapokea Airtel, bei ya leo. Yahakiki, yaweke kwenye majibu ya haraka. Kuanzia hapo hayahitaji AI wala bando la ziada. La bei, liache na nafasi tupu ujaze kwa mkono.

Lugha nyingine zina viwango tofauti. Kiingereza cha barua rasmi ni imara. Kiswahili ni kizuri, ila kwa wateja wa Kongo iombe AI sentensi fupi na namba kwa tarakimu, maana maneno ya Kiswahili sanifu kama "shehena" au "bidhaa tajwa" hayasaidii mtu wa Bunia. Luganda imo kwenye Google Translate tangu 2022, na kuna Sunbird AI ya Kampala ambayo imejikita kwenye lugha za Uganda, zikiwemo Luganda, Kilugbara, Kiacholi, Kiateso na Kinyankole. Hata hivyo tangazo la redio au bango la lugha hizo lisitoke bila mzungumzaji kulisoma kwa sauti. Kurudisha tafsiri kwenye Kiingereza ili "kuhakikisha" hakutoshi: mashine inaweza kuelewa kosa lake yenyewe.

Ushauri wa nchi nyingine

Iulize AI namna ya kukuza duka dogo na itakuambia fungua ukurasa wa Facebook, tuma barua pepe kila wiki, pokea malipo ya kadi. Maandishi mengi iliyofunzwa nayo yametoka kwingine. Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021, wakati wa uchaguzi, na wanaoifikia hutumia VPN (programu ya kukwepa kizuizi). Tangazo lako halitawakuta wateja wengi wa mtaani. Stadi ya hapa ni Status ya WhatsApp, TikTok, na maspika ya sokoni. Iambie hivyo kwenye swali lenyewe, ushauri utabadilika mara moja.

Misimu nayo haiijui mpaka uitaje. Shule zinapofunguliwa, pesa za nyumba nyingi huenda kwenye ada na saruji hubaki stoo. Mvua za Nile Magharibi hazifuati kalenda ya Kampala. Ukitaka kiwango cha kuagiza tena, usiulize "niagize lini?", bali ipe namba: mauzo ya mifuko 15 kwa siku, lori huchukua siku 3, nataka akiba ya mifuko 20. Jibu ni 15 mara 3 ongeza 20, yaani mifuko 65; stoo ikifika 65, piga simu. Hiyo hata huhitaji AI. Inakufaa pale unapokuwa na bidhaa 80 na unataka fomula moja ya kushusha safu nzima.

Kuhusu kodi, kuna matumizi moja mazuri: kufafanuliwa. Chukua tangazo au mwongozo wa URA (mamlaka ya mapato ya Uganda) ambao wewe mwenyewe umeupata kwao, ubandike, useme "nieleze kwa Kiswahili rahisi, ukitumia maandishi haya tu". Usiiulize kutoka hewani. Mwaka wa fedha wa Uganda huanza Julai 1, na mabadiliko ya kodi kwa kawaida huanza siku hiyo. AI iliyofunzwa kabla ya hapo itakupa kiwango cha zamani kwa uso mkavu.

Na ankara nzuri iliyotengenezwa na AI si ankara ya kodi. Aliyesajiliwa VAT anatakiwa kutoa ankara kupitia EFRIS ya URA, mfumo wa ankara za kielektroniki uliofanywa wa lazima kuanzia Januari 2021, na ile hubeba namba yake na msimbo wa QR. AI ikutengenezee karatasi ya bei ya kumpelekea mteja kabla ya kununua, hapo hakuna ubaya.

Vya watu, na pesa za simu

Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na ofisi inayoisimamia iko chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari. Duka lenye daftari la wateja wa mkopo linashika data za watu. Usibandike kwenye AI namba za kitambulisho cha taifa, namba za simu, picha za vitambulisho, wala taarifa ya MoMo iliyojaa majina. Badala ya majina tumia M1, M2, M3, na karatasi ya kujua M1 ni nani ibaki dukani. Pia ingia kwenye mipangilio ya programu unayotumia, sehemu ya udhibiti wa data, uzime ruhusa ya mazungumzo yako kutumika kuifunza AI, kama programu inakuruhusu.

PIN haiandikwi popote. Na usiipe AI picha ya ujumbe wa malipo kuuliza kama ni wa kweli. Haina njia ya kuona akaunti yako, itakuambia tu kwamba maandishi yanaonekana sawa, na tapeli mzuri huandika yanayoonekana sawa. Piga *165# kwa MTN au *185# kwa Airtel uangalie salio kabla mzigo haujatoka mlangoni. Kwa kijana wa kaunta hiyo iwe sheria isiyo na mjadala, hata mteja akiwa na haraka na boda imewaka.

Roboti ya kujibu wateja yenyewe, usiku na mchana? Kwa duka dogo, bado sishauri. Februari 2024, baraza la kuamua mashauri la jimbo la British Columbia nchini Kanada liliiamuru Air Canada imlipe abiria aliyepotoshwa na roboti ya tovuti yake kuhusu nauli nafuu ya waliofiwa. Kampuni ilijitetea kwamba roboti inawajibika yenyewe, utetezi haukupokelewa. Shirika la ndege linaweza kumeza hasara hiyo. Wewe, roboti ikimtajia mtu bei ya jana kwa mabati 200, utalazimika kuchagua kati ya hasara na ugomvi.

Picha za bidhaa ni habari fupi: piga mwenyewe. Programu inaweza kukusafishia mandhari ya nyuma, lakini ukiiomba ichore kitenge au gauni, mteja atakuja kudai kile alichokiona, na herufi kwenye mabango ya kuchorwa bado hukosewa.

Gharama

Anza na toleo la bure. Usajili wa ChatGPT Plus ni dola 20 kwa mwezi, zaidi ya shilingi 70,000, na mara nyingi unahitaji kadi inayokubali malipo ya nje. Lipa tu kama kila wiki unagonga ukomo wa bure katika kazi iliyokwisha kukuletea pesa, na lipia moja, si tatu.

Bando haliishi kwa maandishi. Swali na jibu lake ni kilobaiti chache. Kinachokula ni picha na mazungumzo ya sauti. Picha ya simu ya megabaiti 4 ikipunguzwa hadi chini ya megabaiti 1 bado inasomeka vizuri kwa ukurasa wa daftari. Ushuru wa asilimia 12 juu ya data ulioletwa Julai 2021 unafanya kurasa 30 za picha zisizopunguzwa kuwa gharama unayoiona.

Usiache kitu chochote cha maana kiishi ndani ya mazungumzo ya AI peke yake. Januari 2021 intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa, na umeme nao hukatika bila kuaga. Jedwali la madeni lipakuliwe kwenye simu kila Jumamosi. Orodha ya bei ichapishwe na kubandikwa nyuma ya kaunta ikiwa na tarehe juu. Bei ikibadilika, anza na karatasi ya ukutani, kisha ukurasa wa duka kwenye simu, mwisho majibu ya haraka ya WhatsApp. Ukianza na simu, kijana wa kaunta ataendelea kuuza kwa bei ya ukutani mpaka jioni.